Mechi ya Deo Haikuwa na Shahidi

Siku yangu ya kwanza redioni nilipewa michezo mingine. Mpira wa miguu ulikuwa na wenyewe, wanaume wawili waliougombania kama mirathi, na mimi, mwanamke pekee katika chumba cha habari, nikaambiwa nichukue kilichobaki: ngumi, riadha, netiboli na tenisi. Uwanja wa tenisi nilikuwa sijawahi kuuona. Titye nilikozaliwa tulikuwa na mihogo, migomba na kiwanja cha shule chenye mteremko, ambapo timu iliyocheza kuelekea bondeni ndiyo iliyoshinda. Tenisi niliijua kwa picha ya kalenda ya zamani, msichana mwenye sketi nyeupe akiangalia juu kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka mbinguni.

Nyinyi mnaoanza kazi sasa mmeniomba niwaandikie kuhusu miaka yangu ya utangazaji pale Kasulu, na najua mnachotaka hasa. Mnataka orodha. Mnataka nipange kwa mara ya mwisho jinsi vigogo wa tenisi ya kulipwa walivyoangushwa na watu wadogo, na niseme yupi wa kwanza. Nitaeleza orodha ilivyotengenezwa, kisha nitaeleza habari za mtu aliyeiharibu. Kama kuna la kuwafaa humo, mlitafute wenyewe. Mimi nimelitafuta nikachoka.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bakari, mkuu wetu wa vipindi. Asili yao ni Tanga; baba yake alikuja Kasulu kufungua duka la vitambaa na hakurudi tena pwani. Bakari mwenyewe alikuwa ametangaza Dar es Salaam miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani kwetu huku na kanzu zake na kikohozi chake. Alizungumza polepole, kana kwamba kila neno lilikuwa na bei. Kwake nilijifunza kuvuta pumzi kabla ya jina gumu, kutokunywa maziwa kabla ya kwenda hewani, na kutokucheka utani wangu mwenyewe. Kikubwa zaidi alinifundisha namna ya kusema nisichokiona. "Mwanangu Editha," alisema, "kama hukuona, sema umesikia. Kama umesikia kwa mmoja tu, nyamaza kwanza."

Basi nilisikia. Tulikuwa na redio ya mawimbi mafupi ambayo antena yake ilikuwa waya uliofungwa kwenye mparachichi nyuma ya ofisi. Nilikaa nayo nikisubiri stesheni za nje zitaje matokeo, na mvua ikianza nilibaki na mlio wa mafuta yanayokaanga. Betri za kinasa sauti tulizianika juani ili zipate uhai kidogo. Baadaye ukaja mtandao, mkaja na nyinyi, na sasa mnaona mechi yote kwenye simu mkiwa mnakula. Siwaonei wivu. Nasema tu kwamba mimi nilijifunza tenisi kwa masikio, na kwa masikio mchezo ule ni pumzi, kishindo, kimya, halafu watu wengi kupiga kelele au kutopiga.

Neno lilinisumbua. Waingereza wana neno moja fupi la mkubwa kupigwa na mdogo asiyetarajiwa. Nilijaribu "maajabu", Bakari akasema hilo waachie wahubiri. Nilijaribu "mshangao", likawa kama jina la ugonjwa. Mwishowe yeye mwenyewe akasema, huku akifunga mlango wa studio, "Sema kigogo chini. Watakuelewa." Hivyo kipindi kikapata jina, kila Jumamosi mchana, baada ya matangazo ya vifo.

Nilipanga walioanguka kwa mambo machache. Kwanza, umbali kati ya mkubwa na mdogo katika orodha ya ubora wa dunia. Pili, walicheza juu ya nini, maana bingwa wa udongo mwekundu akipigwa kwenye nyasi hiyo ni habari ya kawaida, lakini akipigwa kwenye udongo wake, mbele ya watu waliokuja kumwangalia akishinda, hiyo inaumiza. Tatu, mkubwa alikuwa amebakiza nini. Yupo aliyekuwa amebakiza mechi mbili tu ili amalize mwaka ambao ungeandikwa milele, akatolewa na mtu mzima ambaye hata hoteli yake alikuwa ameshaiaga akijua atapigwa. Yupo bingwa wa nyasi aliyerudi kutetea kombe lake akafukuzwa siku ya kwanza na kijana ambaye jina lake sikuweza kulitamka hewani, na nililitamka vibaya kwa ujasiri. Yupo binti aliyeanzia kwenye raundi za mchujo, kule wasikokaa watazamaji, akapita kwa wote hadi akabeba kombe. Yule bingwa wa nyasi nilimweka namba moja, na hapo nikakaa nikiridhika.

Kisha Warundi wakaja tena kwa wingi, na Mtendeli, kambi ya wakimbizi iliyokuwa imefungwa, ikafunguliwa. Mawimbi yetu yalifika huko. Jumamosi moja ukaingia ujumbe kwenye simu ya studio kutoka kwa mtu aliyejitambulisha kama Deo, mwalimu wa tenisi. Alisema kwamba namba moja yangu si sahihi, na kwamba yuko tayari kunieleza kwa nini. Mkurugenzi alikuwa anataka sauti za wasikilizaji wa kambini, basi niliomba kibali, nikapakiwa kwenye pikipiki ya ofisi, Kasulu hadi Kibondo na kuendelea, nikafika mgongo ukiwa si wangu.

Deo alikuwa mwanamume mrefu wa miaka hamsini na kidogo, mwenye bega la kulia lililoshuka kuliko la kushoto. Mkewe Perpetua alinipa kigoda na uji. Mbele ya nyumba yao ya matofali mabichi palikuwa na kiwanja alichokifagia mwenyewe, kamba imefungwa katikati, na watoto wao watatu wakipigiana mpira kwa vibao vya mbao. Alizungumza Kiswahili cha Bujumbura kilichochanganyika na Kifaransa na kile cha Wakongo aliokaa nao kambi ya kwanza.

"Madame, classement yako, ile orodha, nasikilizaka kila Jumamosi," alisema. "Iko na makosa. Yule champion wako alikuwa na goti bovu. Mkubwa anapotezaka kila siku. Iko mgonjwa, iko na usingizi, bibi yake amemkimbia. Hiyo si kitu. Angalia yule mdogo. Iko na mpira wa mwisho mkononi, akiupiga vizuri amemaliza, na maisha yake yote ameambiwa hii haiwezekani. Wengi wanaogopa hapo. Wanaogopa kushinda kuliko kupoteza. Nionyeshe ambaye hakuogopa, huyo weka namba moja."

Nilirudi Kasulu nikazisikiliza upya kanda zangu zote, mechi baada ya mechi, nikitafuta dakika ile. Aliyosema yalikuwa kweli. Wadogo wengi walishinda kwa sababu mkubwa alijiangusha mwenyewe. Wachache waliufikia mwisho wakaupiga mpira kana kwamba ni wa mazoezi. Bingwa wa nyasi akashuka hadi namba tano, yule binti wa raundi za mchujo akapanda, na wasikilizaji wakalalamika wiki nzima. Hizo ndizo siku nilizoipenda kazi hii kuliko zote. Nilikuwa na mtu wa kubishana naye.

Nilikwenda Mtendeli mara nyingi baada ya hapo. Ilinichukua muda kugundua kwamba Deo alikuwa na mechi yake.

Alikuwa amecheza tenisi ya kulipwa ujanani, kwenye mashindano madogo ya bara letu, yale ambayo mchezaji husafiri kwa basi na kulala kwa marafiki. Katika mji mmoja wa Afrika Magharibi alipita raundi za mchujo, na raundi ya kwanza akapangiwa Mzungu ambaye wakati huo alikuwa juu kabisa katika orodha ya dunia, aliyekuja kule kutafuta joto baada ya kuumia. Walichezea uwanja wa pembeni. Nyuzi za raketi ya Deo zilikatika akaazima ya mchezaji mwingine. Aligundua kwamba yule bwana hapendi kukimbilia mbele, akawa anamdondoshea mpira karibu na wavu, mmoja baada ya mwingine, bila huruma. Aliifuata mechi ile gemu kwa gemu akinisimulia, akisimama kunionyesha, bega lile likipanda na kushuka. Akafika kwenye mpira wa mwisho. Kisha akasema alipiga sevu, ule mpira wa kuanzisha, katikati, na yule mwanamume hakusogea.

Waliokuwepo ni mwamuzi, vijana wa kuokota mipira na muuza karanga. Kesho yake Deo alipigwa na mtu wa kawaida. Aliporudi nyumbani nchi yake ilikuwa imeanza kuuana, na gazeti lisingeweza kuandika habari za tenisi.

"Madame," alisema, "mimi sikuogopa. Niweke kwenye classement. Hata namba kumi. Watoto wasikie kwenye redio."

Nilimweleza Mzee Bakari. Wakati huo alikuwa amestaafu kwa jina tu. Bado alikuja kila siku kukaa kwenye benchi la nje. Aliniuliza nimesikia kwa nani. Nikasema kwa mwenyewe. Akaniangalia, na sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Nilitafuta. Mtandaoni matokeo ya mashindano kama yale hayapo, au yapo ya miaka mingine. Shirikisho la mji ule halikujibu. Mwishowe nikaamua kumtafuta yule Mzungu mwenyewe. Alikuwa mzee sasa, ana shule ya tenisi kwao, na shule ina ukurasa mtandaoni. Mwalimu mmoja wa Kifaransa, kijana kutoka Mbeya aliyepangiwa Kasulu na kuichukia kwa adabu, alinisaidia kuandika ujumbe. Tulieleza mji, uwanja, joto, raketi ya kuazima, mipira ya karibu na wavu. Tulimwomba aseme tu kama ilitokea.

Jibu lilikuja kwa sauti. Sauti ya upole, ya mtu mwenye muda. Mwalimu alinitafsiria akiwa ameinamisha kichwa. Yule bwana alisema amefurahi kwamba tenisi inasikilizwa mahali tulipo. Mji ule anaukumbuka, alipata homa mbaya ya tumbo hapo au mji wa jirani. Mechi haikumbuki. Alipoteza mechi nyingi mwaka ule na nyuso zimemchanganyikia. Kama huyo bwana anasema alimshinda, huenda ni kweli, hana sababu ya kumpinga, na anamtakia afya njema.

Nilifikiria kumwambia Deo kwamba hakuna jibu. Lakini aliniamini katika jambo lile, na ujumbe ulikuwa wake kuliko wangu. Nikaupeleka.

Kambi ilikuwa tayari imeanza kufungwa. Watu walikuwa wakiambiwa wachague kati ya kurudi kwao na kuhamishiwa kambi nyingine, na upande mmoja wa Mtendeli nyumba zilishabomolewa, zimebaki kuta za kiunoni na majiko. Deo alikuwa akifungua kamba ya kiwanja. Nilimpa simu. Kwa kuwa Kifaransa anakijua hakuhitaji mtu katikati. Alisikiliza amesimama. Akaomba kusikiliza tena, na mara ya pili aliketi. Perpetua alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, naye alisikia.

"Hakatai," Deo alisema.

Nikamwambia ndiyo, hakatai, hilo ni jambo.

"Ningependa akatae, Madame. Mtu akikataa ujue bado inamuuma."

Alinirudishia simu akaendelea na kamba yake. Nilimwambia maneno mengi ya kutia moyo ambayo leo siyakumbuki, na hiyo ni nafuu. Aliniambia familia yake itarudi kwao. Kambi nyingine ingekuwa nyumba ya tatu kuijenga kwa mikono yake katika nchi isiyo yake, na alisema matofali amechoka nayo.

Nilipomweleza Bakari, alikohoa. Kisha akasema, "Namba usimpe. Mpe kipaza sauti." Ulikuwa ushauri mzuri, wa mwisho alionipa. Nilirudi Mtendeli nikamkalisha Deo chini ya kivuli cha ukuta, nikamwambia asimulie mechi yote kwa kinywa chake, nami nitairusha kama ilivyo, bila kupanga, bila kuongeza. Mwanzoni alikataa. Perpetua akamwambia kitu kwa Kirundi, kifupi, naye akaanza. Hakusimama mara hii kunionyesha chochote. Alisimulia kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika. Lakini alisimulia yote.

Jumamosi iliyofuata niliirusha. Deo hakuisikia. Majina yao yaliitwa mapema kuliko walivyotarajia, na msafara wao ulikuwa umevuka mpaka kabla ya wiki kuisha. Mkoa aliokwenda mawimbi yetu hayafiki, na laini yake ya simu ilikuwa ya kwetu, ikafa. Baada ya kipindi simu za wasikilizaji zilikuwa chache. Mmoja alisema sauti ilikuwa ya chini. Mwingine aliuliza wiki hii kigogo gani ataanguka, ili aweke kwenye mkeka wake wa kubashiri.

Huo ndio ulikuwa mwisho wa kipindi, ingawa kiliendelea miaka kadhaa. Watu wa kubashiri walikuwa wameingia kila kijiwe, na mdhamini mpya alitaka nisiseme tena nani aliwahi kuanguka, niseme nani ataanguka. Nilimwambia mkurugenzi kwamba kama ningejua nani ataanguka basi huyo si wa kwenye kipindi changu. Alicheka akadhani natania. Kijana mmoja wa Murubona alinisimamisha sokoni akaniambia nimemharibia maisha, kwa sababu nilimsifia mchezaji fulani naye akamwekea pesa zake zote. Mzee Bakari alifariki mwanzoni mwa masika, na niliyasoma matangazo ya kifo chake mimi mwenyewe, nikavuta pumzi kabla ya jina. Mwaka huohuo radi iliupiga mnara ikashuka na waya hadi kwenye kompyuta ya studio. Mnaijua radi ya huku. Vipindi vyote vya zamani, na kile cha Deo, vilikuwa humo, na nakala tulikuwa tumepanga kuziweka. Mimi sikuwahi kuwa mtu wa kulia kazini. Nilikaa kwenye benchi la nje hadi saa za kutoka zikafika.

Nikastaafu. Waliniletea keki na kitenge, na kijana aliyepewa saa ya kipindi changu alisema hewani kwamba mimi ni maktaba inayotembea. Nilikwenda zangu Titye.

Mwezi uliopita nilikuwa Kibondo kwa binti yangu, ambaye ni muuguzi huko, tukaenda pamoja kwenye soko la mpakani ambapo Warundi huvuka kuuza na kununua. Nilikuwa nachagua maharage wakati muuzaji aliponiita Madame wa redio. Alikuwa Perpetua. Amekonda, na kichwani alikuwa amefunga kitambaa cheusi, nikajua kabla hajasema.

Deo alikufa kwa kifua, akaniambia, kijijini kwao, ambako hakuna aliyemjua kama mchezaji wa kitu chochote. Waliporudi, watoto walianza kujisifu shuleni kuhusu baba yao na yule Mzungu. Wenzao wakawacheka. Walisema kila aliyetoka kambini amerudi na hadithi ya namna hiyo, huyu alikuwa na magari, yule alikuwa na nyumba ya ghorofa. Mtoto mkubwa akaja nyumbani akamuuliza baba yake mbele ya wote kama ilitokea kweli. Deo akamwambia hapana. Akawaambia aliitunga ili wapitishe muda kambini.

"Alisema hivyo akicheka," Perpetua alisema. "Na hakuizungumza tena hadi anakufa. Mimi alinioa baadaye, sikuwepo kule. Sasa mtoto mkubwa ananiuliza mimi. Wewe ulitafuta, Madame. Ilikuwa kweli?"

Nilimwambia ilikuwa kweli. Sikusema nimesikia, sikusema huenda. Nilimwambia mtu hawezi kutunga mpira ukadondoka vile karibu na wavu, tena na tena, kwa namna ileile kila anaposimulia. Nilimwambia awaambie watoto baba yao alishinda na wala hakuogopa. Nilikuwa nimemshika mkono, na binti yangu alikuwa amesogea pembeni kutuachia nafasi.

Perpetua aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepanga maneno ya kwenda kuyasema nyumbani.

"Alishinda kwa ngapi?" aliuliza.

Yule bingwa wa nyasi naweza kuwatajia hata sasa, seti kwa seti, na gemu ya mwisho nani alisevu. Yule binti naweza kuwatajia mechi zake zote hadi kombe. Nilifungua mdomo nimjibu Perpetua. Deo aliniambia mara nyingi, aliniambia kwenye kinasa sauti, nami nilikaa mbele yake nikiitikia kwa kichwa, na pale sokoni hakuna namba hata moja iliyonijia.

Alinisubiri kidogo. Akasema si kitu, kisha akamgeukia mama mwingine aliyetaka kujua kama maharage yale ni ya mwaka huu au ya mwaka jana.